Nilivyofukuza Mvua Kwenye Tivi

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hata watoto wa jirani hapa Lodwar siku hizi wananiita Bwana Tivi. Lakini leo nitawaeleza mwenyewe, kwa sababu hiyo hadithi inayopigwa sokoni imetiwa chumvi (mimi sikulia, nilitokwa na jasho la macho).

Wakati huo nilikuwa kibarua wa shirika dogo linaloandaa mihadhara ya tivi, ile ya profesa kusimama jukwaani akaongea mambo ya siasa, sayansi na vitabu, watu wakisikiliza. Kazi yangu ilikuwa kujaza viti. Bosi wetu, Madam Akai, alikuwa ameniambia mhadhara wa Lodwar ukienda vizuri naandikwa kazi ya kudumu, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshamwambia mpaka mama mkwe. Shida ni kwamba wiki iliyotangulia tulikuwa Kakuma, na vijana wa kambi ya wakimbizi walimbana profesa kwa maswali mpaka taa zikazimwa bado wanabishana naye mlangoni. Madam akasema, "Ekai, hawa watu wako wa Lodwar wasije wakakaa kama magunia."

Basi nikajifanya mjanja. Nikaenda kwa Shangazi Atabo, anayeuza sokoni samaki wa Longech, kule ziwani, na ambaye akisema twende hata wazee wanasimama. Nikamwomba alete watu, na wasikae kimya, wajibu vile tunavyojibu kwenye maombi yetu ya nyumbani: kiongozi akitaja baya, mkono ukisukuma nje, sote tunasema liende, akitaja jema, mkono ukivuta ndani, tunasema lije.

"Lakini mjibu kwa Kiswahili," nikamwambia, "Kenya nzima inaangalia."

"Kiswahili yangu ni ya kuuza samaki," akacheka. "Lakini hiyo ya kufukuza tutaweza."

Na waliweza! Siku yenyewe ukumbi ulijaa, tukaingia hewani mubashara, na Profesa (mgeni kutoka Nairobi, koti zito na joto hili letu) akaanza kutaja matatizo ya nchi huku mkono ukisukuma mbele. "Ujinga!" Ukumbi ukavuma: "Uende!" Akashtuka, halafu akapenda. "Ukabila!" "Uende!" "Ufisadi!" Hapo hata mpiga kamera alijibu. Madam akanigeukia akanionyesha dole gumba, nami moyoni nikawa tayari mwajiriwa wa kudumu.

Kumbe Profesa ana mkono wa aina moja tu! Akafika kwenye suluhisho, na mkono, jamani, bado unasukuma nje, na watu wangu wanafuata mkono, si maneno. "Elimu!" "Iende!" Akakohoa. "Barabara!" "Iende!" Akaona labda atulize mambo kwa shukrani. "Niwashukuru wafadhili wetu walioketi hapa mbele," akasema, mkono ule ule, na wazee wangu watiifu wakajibu, "Waende!" Mfadhili mmoja alianza kutafuta mkoba wake.

Madam akanigeukia tena, na safari hii hakukuwa na dole gumba. Mimi badala ya kutulia nikaruka jukwaani, nikasimama nyuma ya Profesa, nikaanza kuwapungia watu wangu mikono yote miwili kwa nguvu, viganja vikisukuma mbele, nyamazeni, nyamazeni (mnaona nilichokuwa nafanya? mimi sikuona), na wakati huo huo Profesa, maskini, akapaza sauti, "Watu wa Turkana wanachohitaji ni mvua!"

"IENDE!"

Woi! Hata waliosema wenyewe walishika midomo. Na ukame ule, mnakumbuka tulivyokuwa, mbuzi wanakula maboksi. Shangazi akainuka polepole, na kwa bahati yangu mbaya maiki ya maswali ilikuwa kando yake.

"Ekai, wewe mtoto ya ndugu yangu, umefukuza mvua?"

"Shangazi, nilikuwa nawaambia mnyamaze."

"Na mikono mbili!"

Profesa akajaribu kunitetea. "Mama, kisayansi, mvua haiwezi..."

"Wewe kaa kwanza," Shangazi akamwambia kwa upole, na Profesa akakaa. "Hakuna mtu anatoka hapa mpaka huyu airudishe."

Basi mhadhara uliobaki niliutoa mimi. Nilisimama mbele ya Kenya nzima nikivuta hewa kwa mikono miwili kama mtu anayeteka maji kisimani, nikiita mvua, ukumbi ukijibu "Ije!", na kila nikidhani yatosha mzee mmoja anasema bado, mkono wa kushoto umelegea, mpaka muda wetu ukaisha na tangazo la sabuni likatukata. Aibu niliyosikia siku ile siwezi kumtakia hata adui. Profesa hakumaliza hoja yake, ingawa niseme ukweli, naye alikuwa akiitikia "Ije" kwa sauti kubwa kuliko wengi.

Kwa hivyo nimeapa, nikialikwa tena kwenye mhadhara wowote nitaikalia mikono yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Jumatatu nilivaa shati la pasi nikaenda ofisini kuuliza habari ya kazi, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Madam alinitazama sana, nikadhani atanifokea, kumbe anajizuia kucheka.

"Mkataba wako uko tayari, Ekai," akasema. "Nitatia sahihi siku mvua ikinyesha."

Sasa nyinyi rafiki zangu, mkiona wingu lolote huko kwenu Katilu, hata kama ni dogo, nipigieni simu.