Karakana Iliyotazama Mlango wa Kaka

Msiba wa baba yao ulikuwa haujapoa vizuri kaka alipobadilisha kufuli la karakana. Randa alifika asubuhi akakuta vifaa vyake vya useremala vimetupwa nje, vimelala matopeni, mvua inavinyeshea. Jina hilo la Randa alipewa na mafundi wa humo humo, maana tangu ujana wake hakuna aliyemfikia kwa kuranda mbao mpaka zilainike.

“Kaka, ndiyo nini hii?”

“Karakana ni ya wanaume. Baba alikuwa anakudekeza tu. Nenda kwako ukalee wanao.”

Mafundi walisimama mlangoni wakiangalia vidole vya miguu yao. Randa aliokota patasi moja moja, akazifuta kwa upindo wa gauni. Hakulia. Alisema tu, “Sawa. Tutaonana,” na waliomjua walijua kwamba hakuwa akiaga.

Kwa miaka mingi alifanya kazi barazani kwake, mvua ikija anavuta mbao ndani, wanawe wanalala katikati ya vitanda vya watu visivyokamilika. Alipopata uwezo wa kununua kiwanja, dalali alimwonyesha kimoja kizuri, tambarare, karibu na soko. Akakikataa. Akachukua cha mawe, chenye mteremko, uso kwa uso na karakana ya kaka yake.

“Mama, hapa tutavunja mawe mpaka tukome,” mwashi alimwambia.

“Vunjeni. Mlango uwe hapa, utazame ule pale.”

Ramani aliichora mwenyewe, kwa chaki, kwenye sakafu ya sebule. Kule kwa kaka, msumeno wa umeme uliupa mlango mgongo. Anayekata hamwoni anayeingia, na ndivyo fundi mmoja alivyogutuka akakatika kidole. Tangu siku hiyo watu wakamwita Kidole. Randa akauweka wake katikati, ukitazama mlango, na nafasi ya kutosha mbele na nyuma ili ubao mrefu upite bila kugonga ukuta. Kule nyaya zilitambaa sakafuni kama nyoka. Yeye zake akazishusha kutoka darini. Madirisha akayapandisha juu, upande usiopigwa na jua. Chumba cha rangi akakitenga kwa ukuta, vumbi lisitue kwenye vanishi mbichi.

Zikabaki meza za kazi. Hapo ndipo uchungu wake ulipopata akili.

Rafiki yake, fundi cherehani, ndiye aliyewashonea suruali mafundi wote wa mtaa.

“Shoga, nipe vipimo vya mafundi wa kaka.”

“Unataka kuwashonea suruali?”

“Nataka kuwashonea meza.”

Fundi cherehani alicheka mpaka akaangusha mkasi, kisha akamtajia kwa kichwa. Kidole, kiuno chake kinaishia hapa. Ngongoti, yule mrefu, ongeza, ongeza tena. Kule meza zote zilikuwa za kimo kimoja, na Ngongoti alikuwa ameziinamia tangu aanze ufundi. Akitoka kazini alitembea kama mtu anayetafuta sindano.

Siku ya kufungua, Randa hakumwita mtu. Aliacha milango wazi, akawasha taa zote, akaanza kuranda. Mchana Ngongoti akavuka barabara, “kuchungulia tu”. Akaifikia meza iliyoinuka kuliko zote, akaweka viganja juu yake. Mgongo wake ukabaki umenyooka.

“Hii ya nani?”

“Ya mtu mrefu.”

Kesho yake alikuja na vifaa vyake. Kidole akafuata, na wengine nyuma yake, na wateja wakaifuata mikono waliyoizoea. Randa aliyaona yote akiwa mezani kwake, na utamu wake ukamshibisha. Mteja akimwuliza kama yule wa ng'ambo bado yupo, alijibu kwa sauti ya kuvuka barabara, “Nenda ukamwamshe!”

Siku moja kaka alikuja na ubao begani. Mashine yake ilikuwa imekufa. Randa alimwonyesha benchi la wateja, akawahudumia kwanza hata waliokuja nyuma yake, mbele ya macho ya waliokuwa mafundi wake. Mwishowe akauranda ule ubao mwenyewe, taratibu, ukatoka kama kioo.

“Umejenga vizuri, dada,” kaka alisema, macho chini. “Nani alikuchorea?”

“Wewe. Nilikuwa naikumbuka karakana yako, nafanya kinyume.”

Ngongoti akakohoa kuficha kicheko. Kaka akabeba ubao wake akatoka. Haukupita muda, akaikodisha karakana ya baba yao iwe ghala la chakula cha kuku, akaenda kuajiriwa udereva.

Jioni moja mama yao alikuja, akasimama kizingitini.

“Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Ameondoka, ameaibika. Sasa moyo wako umetulia?”

“Aliponifukuza, hiyo damu ilikuwa wapi, mama?”

Randa alipangusa maranda ya mbao mezani, akalifikiria swali kwa kweli, kwa kuwa aliyeuliza ni mama yake. Aliitafuta huruma ndani yake akaikuta, lakini ndogo, nyuma kabisa.

“Bado kidogo,” alisema, akamvutia mama kiti.