Siku Nkambo Alipomimina

Juzi sokoni Kolwezi nilisimama mbele ya fundi anayetengeneza maua ya plasta ya kubandika darini. Anamimina uji mweupe kwenye kalibu ya mpira, anangoja, anakunja mpira, ua linatoka. Nikamuuliza anapaka nini ndani, anajuaje limeshika, mpaka akachoka. "Mama, unanunua ao unauliza?" Nilikuwa nauliza tu, ndugu yangu. Tabia hiyo nilizaliwa nayo.

Wakati wa Wabelgiji tulikaa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, upande wa Musonoi. Baba alikuwa msaidizi wa waashi, na siku moja msimamizi alimruhusu kuchukua plasta iliyobaki, ikajaza makopo mawili matupu ya maziwa. Mama alitaka kuzibia nyufa. Lakini Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekuja kututembelea, na karatasi yake ya ruhusa ya kukaa kambini kama mgeni ilikuwa inaisha Jumamosi. Akauliza unga ule ni wa nini. Baba akamweleza: unachanganya na maji, unamimina, unakuwa jiwe. Nkambo akaacha kumenya mihogo.

"Munipatie ile," akasema.

Marehemu babu alikuwa myeyushaji wa shaba, wale wa zamani waliomimina shaba nyekundu kwenye kalibu za udongo wa kichuguu, ikatoka misalaba iliyotumika kama pesa. Wanawake hawakuruhusiwa kusogea. Nkambo aliishi naye miaka yote ile na hakumimina hata tone. "Miye nilikuwa nachungulia tu kwa mbali, roho inaniuma," aliniambia. "Banasema mwanamuke akikaribia, mukuba, ile shaba, inaharibika."

Basi tukachimba udongo wa kichuguu, tukaukanda, akachonga msalaba ndani yake kwa mpini wa kijiko. Hatua zote alizijua kwa kuchungulia. Kisha akaikausha kalibu kwenye mbabula, siku nzima juu ya makaa, kwa sababu shaba ikikuta unyevu inaruka na kupofusha mtu. Tukamimina. Lo! Plasta ikang'ang'ania udongo kama ukoko wa bukari kwenye sufuria. Tulipoibandua ikavunjika vipande vipande, na kopo moja likawa limekwisha.

Nkambo akakaa chini. "Kumbe ni kweli," akasema polepole. "Ni miye naiharibu."

Iliniuma vibaya. Nikaokota vipande, nikavigeuza kimoja kimoja, na mkono mmoja wa msalaba ulikuwa laini kabisa, haukushika udongo. Ni upande ule wa kalibu ambao nilikuwa nimeumwagia maji kwa uzembe wangu, nikanyamaza nisigombezwe. Nikaungama mbio mbio. "Nkambo, si weye! Hii haitaki kalibu kavu, inapenda maji!"

Ijumaa tukatengeneza kalibu nyingine. Safari hii tuliiacha kivulini, ingali na ubaridi, tukaipaka mawese. Nkambo akashika kopo kwa mikono miwili, akamimina bila kupumua. Baada ya muda akaweka kiganja juu.

"Njoo ushike! Iko na moto! Moto bila kuni!"

Kweli, ilikuwa imepata joto yenyewe. Sikujua kwa nini, na Nkambo hakujali kwa nini. Alicheka huku machozi yanamtoka, na mama akatoka jikoni akidhani kuna msiba. Msalaba ukatoka mzima, mweupe, na wekundu kidogo wa mawese pembeni.

Jumamosi, pale kwenye lori la kumrudisha kwao, nilimwomba aniachie msalaba. Akakataa kabisa. "Ya kwako utamimina weye mwenyewe." Akaupakata, lori likaondoka, nami nikamchukia siku nzima.

Hatukuonana tena. Sijui kama msalaba ulifika mzima. Plasta haipendi mvua wala barabara mbovu. Nyumba yetu sasa ni shimo la mgodi, na wayeyushaji wa zamani hakuna hata mmoja. Mimi sijamimina chochote mpaka leo. Ila hasira zile zilishakwisha: mtu amengoja kitu tangu usichana wake, anakipata Ijumaa, nami Jumamosi nilitaka kumnyang'anya.