Waliohudhuria Bila Kufika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Cresensia Tluway ameinama uani akitandaza maharage juu ya turubai, mgeni anapopiga hodi. Ni mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, matope mpaka magotini. Hapa Buger, wilayani Karatu, watu hujuana hata kwa kikohozi. Huyu Cresensia hamjui.

"Wewe ndiye mama wa afya?"

"Ndiye mimi. Karibu, mama."

"Naitwa Edna. Natoka kambi ya vibarua, kule shamba la kahawa." Anakataa kigoda. "Nimeambiwa nilihudhuria mkutano wenu. Nimekuja uniambie nilisema nini."

Cresensia anajiinua na kuyaacha maharage.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema leo, wiki tatu baadaye. "Jina lake nilikuwa nalijua. Sura yake ndiyo kwanza naiona."

Cresensia ana miaka arobaini na miwili. Kwa miaka tisa amekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa. Posho yake ni shilingi elfu thelathini kwa mwezi, ikitoka. Alikuwa pia katibu wa kamati ya afya ya kijiji, na hapo ndipo alipojikwaa.

Novemba iliyopita walikuja wageni wa mradi wa afya kusikiliza wananchi. Hoja ilikuwa moja: kliniki ya mkoba, ya kuwafuata akina mama na watoto waliko, iliyokuwa ikienda kambini Jumapili moja kila mwezi, ihamie ofisi ya kijiji siku ya Jumatano? Ili uamuzi ukubalike, walitakiwa watu hamsini. Walifika thelathini na mmoja. Mvua ilikuwa imeanza na kila mtu alikuwa anapanda.

"Wageni walikuwa wanaangalia saa," anasimulia. "Walitakiwa wafike Endulen, ndani ya hifadhi, siku hiyohiyo, na geti likishafungwa jioni hupiti. Mwenyekiti akaninong'oneza, 'Jazia, mama. Si watu wako wale wa kambini?' Nikajazia."

Alijazia kumi na tisa, wote wa kambini, kutoka kwenye orodha aliyopewa na msimamizi wa shamba. Kambini kwenyewe alikuwa amefika mara moja tu. Kila jina akalipa saini yake.

"Hata kalamu nilibadilisha," anasema, na kuvuta kitenge kufunika uso.

Kibarua hulipwa kwa siku. Ukienda kliniki Jumatano, siku hiyo imekwenda bure. Ukikosa mara mbili, nafasi yako inapewa mwingine, kwa maana lori la watu kutoka Singida na Dodoma halikosekani. Akina mama wa kambini wakaacha kwenda. Piusi, mtoto wa Edna mwenye miezi kumi, akakosa chanjo ya surua, na kwenye kadi yake mstari wa uzito ukaanza kushuka.

Edna alipokwenda zahanati kulalamika, alionyeshwa karatasi. Mlikubali wenyewe, akaambiwa, na saini yako hii hapa.

"Nikawaambia, mimi tangu nizaliwe naweka dole gumba," anasema Edna. "Huyo mwenye saini yenye mkia ni nani?"

Asubuhi ile uani, Cresensia angeweza kusingizia makosa ya uandishi. Alisema, "Ni mimi." Edna hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa utawaambia?"

Cresensia alimwahidi mambo mawili. Angesema mbele ya kijiji kwa mdomo wake, na asingeandika tena jina la mtu ambaye hajaweka mkono mwenyewe.

La kwanza alilitimiza kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Alisoma majina yote kumi na tisa, moja baada ya jingine, huku mwenyekiti, Dominic, akimvuta kanga.

"Mama Goodness, unatuvua nguo mbele ya watoto!"

Hakuacha. Mkutano ulipofungwa, hakuwa tena katibu. Dominic, alipoulizwa kuhusu siku ile ya Novemba, alijibu, "Nilimwambia ajaze fomu. Sikumwambia ajaze watu."

Tangu hapo ana jina jipya. Mashineni, wakati wa kusaga, kuna atakayepaza sauti: "Mama Jazia! Debe langu halijafika, nijazie basi!"

"Nacheka nao," anasema. "Chakula ndicho kinachonishinda nikifika nyumbani."

Kamati ilitoa sharti: kliniki itarudi kambini iwapo vibarua hamsini wataomba wenyewe, na karatasi ifike kabla ya Jumatatu. Kwa hiyo Jumapili Cresensia alitembea saa moja na nusu, bila posho, akiwa na karatasi na kidau cha wino. Uani aliacha magunia matatu ya maharage yameanikwa bila mtu wa kuyaanua, ada ya shule ya bintiye Goodness.

Si wote waliompokea vizuri. Patrisi, mmoja wa wale kumi na tisa, alimsogelea hadi pua zikakaribia kugusana.

"Leo umekuja kuhakikisha kama tuna sura?"

"Nimekuja, kaka."

"Haya, angalia vizuri." Kisha akachovya dole.

Kufikia saa nane mchana walikuwa arobaini na tisa, na kambini hakuna aliyebaki. Alikosekana Emmanueli, mume wa Edna, aliyekuwa lindoni ukingoni mwa msitu akifukuza tembo kwenye mahindi. Ni saa nzima ya kupanda. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya.

"Mama, andika tu," Edna alimwambia. "Ni mume wangu, nimekuruhusu. Kimbia ukaokoe maharage yako."

Cresensia alitazama wingu, akatazama mstari mtupu wa hamsini.

"Ruhusa ni ya kwake, mdogo wangu. Nionyeshe njia."

Njiani alieleza anachotumaini. Si kurudishiwa ukatibu. "Nataka siku moja Edna anipe Piusi nimpime, bila kwanza kunitazama mikono."

Walimkuta Emmanueli kwenye kibanda cha miti, debe la kufukuzia tembo mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umepanda mpaka huku kwa dole gumba moja?"

"Ndiyo, baba."

Alicheka, akafuta dole kwenye suruali, akalichovya na kuligandamiza polepole kwenye mstari wa mwisho.

Upande wa Buger mvua ilikuwa imeshashuka, nyeupe, imeziba kijiji chote. Cresensia aliiona. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuificha kifuani. Nyumbani kwake turubai lilikuwa moja tu, na lilikuwa chini ya maharage, si juu yake.