Makopo ya Saruji na Machela ya Tata

Kuna siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na kuisimulia kunanichosha. Lakini jana nilikuona ukishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kisa hiyo jimu yako ya Bukoba mjini. Unasema unanyanyua vyuma kila siku, asubuhi na jioni, na bado misuli haiji. Basi kaa hapo. Nikinyamaza nitakuwa nimekukosea.

Nilikuwa na umri wako, hapa hapa Izigo. Nilijaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi, nikayaunganisha kwa bomba la chuma. Nilinyanyua kabla ya kwenda shambani, nikirudi nanyanyua tena, mpaka mikono inatetemeka. Nilitaka Jumapili nikunje mikono ya shati kanisani, wasichana wa kwaya waone. Ujinga mtupu! Kila wiki nilikuwa nashindwa mapema zaidi, nami nikadhani dawa ni kuongeza.

Mama alinikuta nikihema nyuma ya nyumba. Mama alikijua kibanja, shamba letu la migomba la nyumbani, huyo; watu walikuja kuitazama migomba yake. Akaniuliza, "Ule mgomba wa mlangoni, uliourundikia samadi mbichi toroli nzima, uko wapi?"

"Si ulikauka, mama."

"Na ulikuwa unaupenda kweli," akasema, akaenda zake. Mimi nikacheka, nikarudi kwenye makopo.

Wiki ile ile Tata, yaani baba yangu, akashikwa na tumbo. Mvua ilikuwa imeharibu njia, gari lisingefika nyumbani. Tukafunga machela ya miti na blanketi, wanaume wanne, tumshushe hadi barabara ya Muleba. Mimi kifungua mimba wake nikashika mbele. Alfajiri nilikuwa nimenyanyua mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya shati, ila nani angekiri? Kwenye mteremko vidole vikafunguka vyenyewe. Tata akaporomoka, akaangukia tope.

Wakati wanamwinua alinitazama. "Pole, mwanangu," akasema, "mimi mzito." Mzito! Mtu aliyekuwa amekonda vile. Jirani akanisogeza pembeni, akashika nafasi yangu. Nikawafuata nyuma nimebeba kandambili za baba.

Alipona, akaishi miaka mingi, wala hakulitaja tena. Mimi ndiye ambaye sikupona. Hata sasa nikipita pale naona aibu, mzee mzima.

Makopo niliyaacha wiki mbili. Niliporudi, nilinyanyua siku chache tu kwa wiki, nikala ndizi na maharage nikashiba, nikalala. Taratibu mikono ikajaa. Sikuamini.

Kwa hiyo nisikilize, maana sina nguvu ya kurudia. Kila msuli uupe kazi mara mbili kwa wiki, seti chache, yaani mizunguko michache, lakini ufanye kwa bidii. Halafu uuache. Ukiona kazi imekuwa nyepesi, ongeza kidogo; ukiona unarudi nyuma, punguza, usione haya. Misuli inajengeka ukiwa umepumzika, si ukiwa unajitesa. Na usimalize nguvu zote kwenye vyuma; kuna watu nyumbani wanazihitaji.

Mungu akupe mwili wenye afya, na akili ya kuupumzisha. Na siku yangu ya kushushwa mteremko ule ikifika, mwanangu, akujalie vidole visifunguke.