Kuukalia Mkono wa Kushoto

Nimerudi kutoka ng'ambo na stashahada ya uendeshaji hoteli niliyojilipia mwenyewe, na meza yangu hapa Chang'ombe ni ya kioo. Lakini leo harufu ya pilau ilinirudisha kwenye mkeka wa bibi.

Nilikuwa mashoto. Bibi alisema shetani ndiye anayekula kwa kushoto. "Ukalie! Nikiuona, nyama yako anakula mwenzio."

Siku ya Idi tukazunguka sinia. Nikasema bismillahi, nikaukalia mkono. Mbele yangu palikuwa na mnofu ambao sijapata kuuona tena, hata ng'ambo. Mara nzi akatua juu yake, na mkono ukachomoka wenyewe.

"Bibi, wa kushoto huo!" mtoto wa shangazi akapiga kelele.

"Haukula, bibi! Umefukuza nzi tu!"

"Umefanya vizuri. Sasa mpe mwenzio nyama, haina nzi."

Chuoni nilifundishwa kushika uma kwa kushoto, na katika somo hilo niliongoza darasa zima. Ila leo, sahani ilipokwisha, nilitaka kujiinua kwa mikono yote miwili nikashindwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi chini ya paja.