Kikombe cha Mtani Wangu

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na kuna maneno mpaka niyatamke polepole ndipo nijue yanavyoandikwa. Niliishia darasa la saba. Haya nimeyaandika wiki nzima, kila nikimaliza kushona. Mkikuta nimekosea someni tu mbele, mtanielewa.

Juma lililopita mama alikuwa akipanga vyombo hapa nyumbani Makole, Dodoma. Akashika kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni, akasema hiki sasa kitupwe. Nikamnyang'anya. Akacheka, maana alikumbuka kilivyoingia nyumbani. Kikombe kile si chetu. Ngoja nikusimulie.

Mwaka niliomaliza shule tulipanda treni kwenda Tabora kumwona mama mdogo, alikuwa amejifungua. Tulikuwa wanne: mama, bibi, mdogo wangu wa miaka minne, na mimi. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Tulipoipita Bahi treni ikapunguza mwendo, ikasimama kwenye kituo kidogo chenye jengo moja na bomba moja la maji. Mhudumu wa behewa akapita akisema, "Maji yamezoa tuta la reli huko mbele. Tulieni, mafundi wanakuja." Tulitulia siku nne.

Mama alinipa kazi moja tu. "Kaa hapo dirishani. Mkono mmoja mizigo, mkono mmoja mdogo wako. Ukishuka tu, tumeibiwa." Basi nikakaa. Mpaka leo nikifumba macho nasikia joto la kiti kile cha plastiki kikining'ang'ania mapajani, na harufu ya choo cha behewa ikichanganyika na harufu ya udongo uliolowa. Nje vyura walikuwa wanapiga kelele mchana kutwa. Akina mama wa kijijini walipita chini ya madirisha na mahindi ya kuchemsha, karanga, mayai, na maziwa mgando kwenye vibuyu. Mimi nilinunua kwa kunyoosha mkono. Miguu yangu haikugusa chini.

Lakini macho yalishuka. Niliona jinsi vijana wa mabehewa mengine walivyopatana. Kila familia ilimtuma kijana wake bombani, foleni ikawa ndefu, na kwenye foleni ile ndiyo watu wakajuana. Asubuhi walikuwa hawasemezani, mchana wamepanga ndoo zao zishike zamu, wao wanacheza rede kwa mpira wa soksi. Wengine walishindana kutembea juu ya reli bila kuanguka. Maji yetu alikwenda kuteka mama mwenyewe.

Siku hiyo ya kwanza bibi alikuwa ameanika mlenda. Alibeba majani makavu kumpelekea mama mdogo, mvua ikaingia kwenye kifurushi, akayatandaza kwenye gazeti pale dirishani, kisha akasinzia. Akapita msichana wa umri wangu, ana ndoo kichwani na kikombe cha bluu kimening'inia kidoleni. Akasimama.

"We Mgogo! Hata treni mmeigeuza uchanja wa kuanikia mboga?"

Akachota karanga zangu gao zima, akaondoka anatafuna. Foleni yote ikacheka. Mimi nilipandisha kioo. Jua la Dodoma unalijua, na bati la behewa unaweza kulifikiria. Nikakaa ndani ya ule moto na mdogo wangu analia anataka hewa.

Kesho yake akagonga kioo. "Mgogo, fungua! Sisi kwetu Tabora karanga zimekwisha!" Sikujibu. Kandambili yangu moja mdogo wangu alikuwa ameiangusha nje. Akaiokota, akaivaa, akaenda nayo akichechemea kwa makusudi.

Hapo nililia. Mama akafunga khanga kiunoni, yuko tayari kushuka kwa ugomvi. Bibi akamshika mkono.

"Hebu subiri. Huyo mtoto katokea wapi?"

"Kasema kwao Tabora," nikamjibu.

"Na kakuita nani?"

"Mgogo."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mjukuu wangu, huyo ni Mnyamwezi! Huyo mtani wako! Tangu jana anakubishia hodi, na wewe unamfungia mlango?"

Utani wa makabila nilikuwa naujua, lakini kwa watu wazima. Nilikuwa nimewaona watani msibani wakizuia jeneza lisitoke mpaka wapewe chochote, wakimuigiza marehemu hadi wafiwa wanacheka. Sikujua kuwa mtoto naye anazaliwa nao. Shuleni mwalimu alitufundisha mtu akikutukana nyamaza, na mimi kunyamaza ndicho kitu nilichokuwa nakiweza kuliko wote darasani. Bibi akanieleza kwamba kwa mtani kunyamaza ndiko kumkataa. Mtani anataka naye atukanwe, na anyang'anywe.

Akanifundisha. "Mwambie babu yake alikuwa mpagazi, kapita Ugogo na mzigo kichwani, tukampa maji." Nilirudia maneno yale mchana kutwa, midomo inacheza bila sauti.

Siku ya tatu akaja. Nilikuwa nimeshusha kioo mapema, namsubiri. Akamwamkia bibi, "Shikamoo bibi," bibi akaitikia. Kisha akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Hata pumzi.

Akaiweka kandambili yangu pale dirishani, taratibu. "Samahani dada," akasema. "Sikujua kama umeumia." Akaenda zake.

Lile "dada" liliniuma kuliko matusi yote. Lilikuwa neno la kumwambia mtu usiyemjua. Nilibaki nimeishika ile kandambili, nikijua kwamba sasa hatagonga tena.

Asubuhi ya nne mhudumu akatangaza: treni itarudi Dodoma. Wanaotaka kuendelea wavuke kwa miguu kwenye lile tuta lililobomoka, kuna mabasi ng'ambo. Mama akasema sisi na mzee na mtoto turudi. Nikachungulia bombani nikamwona, mizigo yao imeshafungwa, amesimama anakunywa uji kwenye kikombe chake.

Bibi alikuwa ananitazama. Akajisogeza, akakalia begi letu kubwa kwa makalio yote mawili. "Nenda," akasema. "Mwizi akija ataanza kuninyanyua mimi."

Nilishuka. Ardhi ilikuwa laini, nusura nianguke. Nilipita foleni nzima bila kumwangalia mtu, nikafika, nikampokonya kikombe mkononi, nikaunywa uji wote. Ulikuwa wa moto. Yale ya bibi yalikuwa yamenitoka kichwani, nikasema yaliyokuja.

"Mpagazi gani wewe? Siku nne umebeba kikombe kimoja na Tabora hujafika!"

Halafu akapiga yowe, akaruka, akanikumbatia na mashavu yangu yamejaa uji. "Kumbe ana mdomo! Jamani, Mgogo ana mdomo!"

Tulicheza rede mpaka honi ikalia. Labda saa moja. Sijacheza tena vile.

Watu wao walipoanza kutembea kuelekea kwenye tuta, na mimi nimesharudishwa dirishani kwangu, akageuka akapaza sauti. "Mgogo! Kikombe changu!"

"Kifuate Dodoma!"

"Nitakuja! Na huo mlenda wenu nitaumwaga!"

Jina sikumuuliza, wala yeye hakuniuliza langu. Bibi amekwisha fariki. Siku tuliyomzika watani walikuja wakatuchekesha, na mimi kila mara nilikuwa natazama getini. Sasa kuna treni ya umeme, naisikia ikipita. Vioo vyake havishuki, mtu wa nje hawezi kukuchotea karanga. Na mimi bado ni mtu wa kukaa dirishani. Hapa ninaposhonea ni kwenye kona, wateja husema shida yao nami naitikia kwa kichwa. Ila siku ile nilishuka.

Nawaomba mnaosoma mniandikie. Na kama ni wewe, mtani, kikombe ninacho, nimekitumia nitakavyo na sijutii. Ukiniandikia usianze na salamu. Anza kwa kunitukana, nijue kuwa ni wewe.