Gurudumu la Sapatu

Wenzangu mliokulia kambi za polisi mtanielewa. Tulipokuwa wadogo pale Kibuli, hakuna aliyetununulia kitu cha kuchezea. Ukitaka gari, unalitengeneza. Waya tuliokota uani, spoki tukazitoa kwenye baiskeli zilizokufa, na magurudumu tukayakata kwenye soli za sapatu, hizi ndala za mpira. Usukani ulikuwa waya mrefu wa kufika kifuani, juu umekunjwa mviringo, chini umefungwa kwenye ekseli ya mbele. Unakimbia nyuma ya gari lako, mdomo unanguruma, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na harufu ya kabalagala inakuita, zile chapati ndogo za ndizi na unga wa muhogo, na wewe huitiki.

Wasichana tulitakiwa kucheza kwepena, kurushiana mpira na kuukwepa. Nilicheza nikachoka. Nilitaka gari. Mama alikuwa akisema, “Hizo waya ndizo zitakuoa?”

Jioni tulishindana kuteremka mlima. Gari langu halikufika chini hata siku moja. Likipiga jiwe, ekseli inakatika palepale kwenye kifundo, maana nilikuwa naikaza kwa koleo mpaka isicheze kabisa. Wavulana wakaniita Fundi Vunja. Sikulia. Nikaenda kutafuta kipande cha mpira cha kufungia ekseli.

Ukutani kwetu palitundikwa mpira wa ndani wa tairi. Nikadhani ni ule mbovu uliojaa viraka. Nikakata kanda mbili nyembamba, nikafungia ekseli kulia na kushoto badala ya waya. Gari likapiga jiwe, ekseli ikajikunja, ikarudi yenyewe. Nikafika chini wa kwanza.

Kumbe mpira ulikuwa mpya. Baba, ambaye alikuwa polisi, aliuweka akiba ya baiskeli yake ya kwendea zamu Nakawa. Mama alinichapa, na haki yake. Wiki ileile tairi la baba likapasuka, akawa anakwenda zamu kwa miguu. Siku ya tatu akarudi, akavua buti, akasema lete hilo gari. Nikajua linaingia jikoni motoni. Akaweka jiwe chini, akalipitisha gari juu yake mara tatu, polepole, anatazama ekseli. “Haya, limepita,” akasema, akanirudishia. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Sikuwahi kusikia neno lingine la sifa kwake, na hilo moja limenitosha.

Shule niliachishwa darasa la nne. Nawaambia hili mjue kwamba ninayoyasema hapa chini sikuyasoma popote.

Naishi na mjukuu wangu Sauda, yuko sekondari, mimi ananiita Jaja, yaani bibi. Watoto wa leo wanauliza simu jinsi ya kuchemsha yai. Kwa hiyo nilipomwona huyu ana gundi vidoleni, nikamwacha afanye, nisimharibie. Anatengeneza ndege ya mbao nyepesi, ina mota, anaiendesha kwa rimoti. Mkiani ina kibao kinachogeuka kuielekeza, na chini yake gurudumu dogo, ili ndege ikiwa ardhini ikate kona. Gurudumu la kununua alilikosa, akajikatia lake, akalifunga kwenye kibao kwa waya.

Mkia ulikuwa umeshavunjika mara mbili. Jumamosi shuleni kwao walikuwa wanarusha ndege mbele ya wazazi, na mwalimu alimwambia: wakati wa majaribio ya asubuhi ukivunjika tena, jina nalifuta. Mbao ya mkia ilibaki moja.

Ijumaa baada ya alasiri nikamkuta kwenye mkeka, koleo mkononi.

“Unakaza nini hivyo?”

“Jaja, kwenye video wanasema isicheze hata kidogo.”

“Hao wa video wanatua wapi?”

“Kwenye lami.”

“Na wewe?”

“Kiwanja cha mpira.” Akafikiri. “Kina mabonge. Na mbuzi.”

“Basi. Bonge linapiga gurudumu, gurudumu linavuta kibao, kibao kinang'oka. Lazima kitu kimoja hapo kikubali kulegea.”

Akaweka koleo chini. “Jaja, wewe ndege umejulia wapi?”

“Sijui ndege. Najua kuvunja ekseli. Lete mpira wa tairi. Mbovu, na uangalie vizuri ni mbovu.”

Alikunja waya wa gurudumu upya, akauwekea mabega mawili, kulia na kushoto. Kila bega tukalifunga kwenye kibao kwa ukanda mwembamba wa mpira. Mara ya kwanza ukanda mmoja ulikaza kuliko mwenzake, ndege ikawa inakwenda kushoto kama mlevi. Nikamwambia fungua. Akanuna, akafungua. Mara ya pili zikalingana. Lakini gurudumu lenyewe alilikata kwenye kifuniko cha chupa, linateleza sakafuni. Nikavua sapatu ya kushoto.

“Kata hapa kisiginoni.”

“Jaja, si unaivaa?”

“Kata.”

Jumamosi asubuhi tukapanda boda, mimi katikati, mkia wa ndege umelala mapajani mwangu. Nikamwambia dereva aende taratibu, akadhani namwogopea mtoto. Kiwanjani mwalimu alisimama na karatasi yake, kalamu iko tayari. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikakata kona, ikapaa. Kurudi ikatua vibaya, mkia ukagonga bonge, nami nikasikia ule mlio wa utotoni, wa gari kupiga jiwe. Gurudumu likajikunja upande. Likarudi. Mkia mzima.

Mwalimu akageuza karatasi, akamwita anayefuata. Jina halikufutwa. Sauda hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi.

“Haya,” nikamwambia, “imepita.”

Magari yetu yalifika mwisho wa waya na mwisho wa pumzi zetu. Wakati ule kwetu mlima ulikuwa na chini tu. Huyu ameifikisha ndege juu ya minara ya msikiti, na mimi kwa magoti haya nilibaki nimeinua shingo. Siku zetu nazikumbuka, lakini sitamdanganya mtoto kwamba zilikuwa bora kwa msichana mwenye koleo. Mimi nilichapwa, na shule nikaachishwa. Yeye mwalimu amemwambia alete nyingine, kubwa zaidi.

Sapatu bado nazivaa. Ya kushoto ina tundu la mviringo kisiginoni, na nikitembea nahisi sakafu ya baridi. Sauda anataka kuninunulia mpya. Nimemwambia asubiri, hiyo ya kulia bado ina kisigino.